Chombo Chako Kimerudi bila Moshi

Rafiki yangu Kisimba,

Tanga la chombo chako njo mimi nimelishona, peke yangu, lote. Haya, usicheke. Alishona binti yako Feza pamoja na wanawake wa bandarini, kwa magunia ya unga. Mimi nilipewa kutia uzi kwenye sindano, nikatoboa kidole.

Huko uliko, bado wanakuita sitwayeni, yaani raia, kama wakati ule serikali ilitukataza majina ya ubatizo, ao wamekurudishia lako?

Tangu tukuzike, mazutu, mafuta ya motere, imekosekana hapa Kalemie kama vile uliondoka nayo. Kuku walikuwa wanataga juu ya motere yako. Muntu wa vyuma chakavu akaja, akakipima chombo kwa jicho. Feza akamwambia, "Papa, ngoja kwanza niende Moba nirudi." Mazutu aliyopata ilitosha kwenda tu. Kurudi, ni upepo wa kusini na yale magunia. Asipofika na mahindi ya watu, chombo kinakatwakatwa.

Nilicheka. Wewe mwenyewe ulikuwa unasema, "Chombo bila moshi ni maiti." Moshi wako! Wake zetu walikuwa wanakimbia kuanua nguo, na muji wote ulikuwa unaungojea utokee kusini ndipo ushuke bandarini. Basi siku Feza alipopaswa kurudi, tukatafuta moshi kwa mazoea. Hakuna. Watu wakapanda nyumbani wakisema binti ya Kisimba amezama. Nikabaki mwenyewe, nikisingizia magoti na kilima. Kweli ni kwamba sikutaka kumuacha binti yako, lakini tuache.

Halafu nikasikia wanawake wanaimba. Juu ya maji, Kisimba! Nikadhani ni ninyi wa huko mumekuja kunichukua. Wakati wetu motere ilikuwa inameza kila sauti. Sijawahi kusikia watu mbele ya kuona chombo. Kisha magunia yakatokea, yamejaa upepo, na nyuma yake milima yote safi, mbingu haina doa. Mahindi, mbuzi, wale wanawake walioshona tanga, Feza kwenye usukani wako. Nikavua kofia. Mimi, ambaye hata kwa Monsenyeri askofu siivui.

Nikapiga pipa lako tupu la mazutu kwa jiwe mpaka muji ukashuka mbio. Njo kazi yangu sasa: kila akirudi, pipa ndilo moshi wake. Nakuahidi, mpaka siku watanilaza jirani yako.

Muntu wa vyuma hajaonekana tena.

Haya, lala, muzee. Ila kumbuka nilikubeba begani mpaka makaburini, kilima chote kile, nawe ulikuwa muzito kuliko motere. Nilipe basi. Jumatatu Feza anakwenda tena. Nisemeshee upepo. Sitaki mukubwa, wa kujaza magunia tu.