Wateja Niliowatuma kwa Fardowsa

Mshauri mpendwa,

Nakuandikia nikiwa na aibu ambayo siwezi kumweleza hata mume wangu. Mimi ni mwalimu huku Moiben, niliandika riwaya nikaichapisha mwenyewe kwa kuwa wachapishaji hawakunijibu, na nilipozunguka maduka ya vitabu mjini Eldoret kila muuzaji aliniambia kitabu kisichosomwa shuleni hakina mnunuzi, isipokuwa dada mmoja anayeitwa Fardowsa, aliyesema atakichukua watu wakianza kukiulizia, basi nikawaomba wenzangu wa kwaya kwamba kila anayeenda mjini apitie kwake aulize kitabu changu kama mteja asiyenijua, nao wakaenda, wengine wakarudia huku wakicheka, mpaka Fardowsa akanipigia simu kwa furaha akitaka katoni nzima.

Kumbe alikipanga kwenye rafu ya mlangoni, ile ambayo kila Januari huweka vitabu vya shule. Shule zilipofunguliwa wazazi walichungulia, hawakuona wanachotafuta, wakaingia duka jirani. Changu hakuna aliyekinunua. Nilipompitia wiki iliyopita nilidhani atanifokea, lakini alinishika mkono akasema, "Pole sana, Mwalimu. Watu walikuwa wanauliza hii kitabu mpaka nikachoka, sasa sijui walienda wapi. Pengine ni mimi sijui kuuza hadithi. Na nimeisoma yote, hapo mama anauza ng'ombe wake nililia kabisa."

Nikanywa chai aliyonimiminia, nikaondoka. Najuta, mshauri. Je, nivichukue vitabu vyangu kimyakimya, au nimwambie ukweli na nimpoteze?

Naomi, Moiben

Naomi,

Pole, ingawa pole yangu ni fupi. Najua inavyouma kuzunguka mji na mkoba wa vitabu ukifukuzwa kwa upole. Lakini ulimchezea mtu pekee aliyekusikiliza, sasa unamwacha ajilaumu kwa kosa lako, na chai yake unainywa! Na hao wanakwaya waliofika kaunta wakicheka, hakuna hata mmoja aliyefungua ukurasa?

Kuvichukua kimyakimya ni kumdanganya mara ya pili. Ataendelea kuamini hajui kazi yake, na mwandishi mwingine atakayekuja na riwaya yake atafukuzwa kwa sababu yako. Ukimwambia, huenda akakasirika asitake kukuona tena. Ana haki. Wala usiende na mchungaji wa kukuombea msamaha.

Nenda Jumamosi asubuhi, kabla wateja hawajajaa. Mwambie wale watu uliwatuma wewe. Viondoe vitabu vyako mlangoni kwa mikono yako, umsaidie kupanga vya shule, na usiombe nafasi nyingine. Akikupa kona ya nyuma, shukuru. Mpaka leo kitabu chako kimepata msomaji mmoja tu, Naomi, na ndiye huyo uliyemdanganya. Usimwache akuombe msamaha tena.