Intaneti ya Mama Kabatini

Nyumbani, chumba cha cherehani
Jumanne, baada ya chakula cha mchana

Mpendwa mdogo wangu Mkasi,

Hujambo, baba? Wifi yangu hajambo? Na mgeni wenu mdogo, ameanza kulala au bado anawapangia zamu? Sisi huku tu wazima. Goti langu linaniuma nikipanda ngazi tu, kwa hiyo nimeacha kupanda ngazi. Shemeji yako hajambo, ila ujuaji wake haujapata dawa. Mama yupo, anashona, anafoka, anakula vizuri. Habari zake nyingine ndizo zilizonishikisha kalamu, nami nakuomba uzisome mpaka mwisho kabla hujakasirika upya.

Ujumbe wako niliupata. Unasema Mama alikugeuzia uso kwenye simu, wewe na mtoto wako, tena mbele ya mkeo. Unasema kama bado ana kinyongo kwamba uliacha kazi ya kukata nguo ukaenda zako, basi hutamsumbua tena, na ile safari ya kutuletea mtoto tumwone haipo. Nimekupigia, hupokei. Nimekuandikia, unasoma unanyamaza. Haya, karatasi haina kitufe cha kukata. Kaa kitako dada yako aseme.

Kwanza ujue ile intaneti tuliyokupigia nayo ni ya nani. Ulidhani ni yangu. Thubutu. Siku ulipotuma habari kwamba mtoto amezaliwa, nilimpelekea Mama simu yangu aione picha. Akaishika, akaisogeza, akaizungusha, akanirudishia akisema kapicha kenyewe kadogo mno. Nikakupigia kwa video kwa bando langu, wewe ukaganda mdomo wazi, mtoto akatokea viraka viraka. Mama akauliza kinahitajika nini ili picha itulie na iwe kubwa. Nikamwambia ni intaneti ya kufunga nyumbani, ile inayoingia kwenye simu bila waya. Nilisema tu, kama mtu anavyosema kesho ataanza mazoezi. Wiki haijaisha nikamkuta fundi anatoboa ukuta wa chumba cha cherehani, na Mama amesimama nyuma yake anamwambia shimo limeenda upande.

Fundi mwenyewe mtu mpole. Alikiweka kile kisanduku chenye taa, ruta, juu ya meza ya kupigia pasi, akatuonyesha kibandiko chini yake chenye jina la mtandao na neno la siri, akaenda zake akisema kuunganisha simu ni kazi ya kufumba na kufumbua. Kufumba tulifumba. Kufumbua ndiko kulikotushinda.

Nilifungua mipangilio, nikawasha sehemu ya Wai-Fai, ikashuka orodha ya mitandao ya majirani wote. Mwenzangu, kumbe tunaishi na watu. Mmoja ameuita wake "Kanunue Wako", mwingine "Tunakuona". Wetu ulikuwa chini kabisa, una jina la manamba matupu. Nikaubonyeza, nikaandika neno la siri, simu ikasema si sahihi. Nikarudia, si sahihi. Shemeji yako akaninyang'anya simu, akaizima, akaiwasha, akatoa hukumu kwamba ruta ni mbovu. Akaandika yeye, si sahihi. Akasema basi fundi ni tapeli.

Yule msusi wa chumba cha pili alikuja kuazima uzi akatukuta tumenuniana. Akatuonyesha kijicho kidogo pembeni mwa sehemu ya kuandikia. Ukikibonyeza, vile vidoti vinageuka herufi unazoziona. Hapo ndipo tulipoumbuka. Kidole changu kilikuwa kinagonga herufi ya jirani kila mara, na mheshimiwa shemeji yako alikuwa anaacha nafasi kila baada ya herufi nne, eti ndivyo zilivyopangwa kibandikoni. Tukaandika polepole huku tunaona, simu ikakubali. Tukaiambia iwe inajiunga yenyewe, tusije tukaachana kwa ajili ya neno la siri.

Mama hakuuliza lolote katika hayo. Alirudia swali lake moja tu, kama picha itakuwa kubwa. Nikamwambia nikiilaza simu itajaa kioo kizima. Akaridhika. Mimi nikaona ni utani wa wazee, sikulitilia maanani.

Kesho yake asubuhi, hamna kitu. Mtandao ulionekana dhaifu, kisha ukapotea kabisa. Nilizunguka nyumba nzima nimeinua simu juu, jikoni hamna, uani hamna, sebuleni mstari mmoja unaokuja na kuondoka. Shemeji yako akasema si alisema. Nikampigia fundi. Akaja, akapanda kwenye paa, akakagua waya wote, akashuka anatiririka jasho, akasema huko nje kila kitu ni kizima, hebu aione ruta. Tukageukia meza ya pasi. Ruta haipo.

Mama alikuwa anapinda suruali ya shule, hainui kichwa. Fundi akaufuata waya wa umeme kwa mkono, ukampeleka nyuma ya lile kabati la chuma tulilolipata kwenye mnada wa ofisi, ukazama kwenye tundu la mgongoni. Nikaomba ufunguo. Akaufungua kiunoni, akanipa bila kunitazama. Humo ndani, juu ya sahani za wageni, kati ya hati ya nyumba na kile kitambaa cha suti cha marehemu Baba ambacho hakijawahi kukatwa, intaneti yetu ilikuwa imekaa, imefunikwa kitambaa cha kudarizi, taa zinapepesa.

"Kitu cha thamani hakilali nje kama kuku," Mama akasema.

Fundi, Mungu amzidishie, hakucheka. Alimweleza kwamba mawimbi yake hayapiti kwenye chuma, na kwamba kuifungia kabatini ni sawa na kumfungia mshonaji ndani halafu ukamdai nguo. Lugha hiyo Mama akaielewa. Sasa ruta inakaa juu ya kabati, na kitambaa chake kimetandikwa chini badala ya juu. Tangu siku hiyo hata uani inashika.

Sasa nikuulize, mdogo wangu. Wewe na mimi tumekulia mbele ya kabati lile. Ulishawahi kuona Mama amefungia humo kitu asichokipenda? Mtu mwenye kinyongo na mwanawe angefunga intaneti, akaihangaikia namna ile, ili amwone tu? Endelea kusoma.

Jumapili ile tuliyokupigia, alivaa gauni lake la shughuli. Alitaka kiti kiwekwe dirishani. Ulipotokea ulikuwa mkubwa, umetulia, mtoto amelala juu ya mkono wako. Nami niliona ulichokiona. Aliitazama simu kidogo, kisha akageuza uso wote ukutani. Ukamwita, ukasema mko huku. Hakugeuka. Ukamsogeza mtoto mbele, yeye akazidi kugeuka. Akasema mtoto ni mzuri, Mungu amkuze, basi. Ulipokata simu nilipandwa na hasira kuliko wewe. Nilimwambia anakupoteza mara ya pili. Akaniomba mkasi, akaenda kwenye meza ya kukatia.

Nilibaki pale mlangoni nimefura. Alikuwa anapapasa kitambaa, anakipima kwa kiganja, uso wake uko upande wangu lakini kichwa kimelala kama mtu anayesikiliza redio. Kisha akanitaka nimtungie uzi kwenye sindano. Hapo nikakumbuka kwamba siku hizi kila anayeingia mle anapewa sindano atunge, msusi, wateja, hata shemeji yako, eti Mama anawafundisha kazi. Nikasogea, nikasimama mbele yake, nikainua mkono nikamuuliza nimeshika nini. Akageuza uso mlangoni kabla ya kunijibu.

"Sindano. Na umenuna."

Nikamuuliza imeanza lini. Akasema imekuja taratibu, wala haumwi.

"Katikati pameziba. Ukinikalia mbele, naona ukungu. Nikigeuka ndiyo nakuona, pembeni."

Nikamuuliza, na mtoto je.

"Nimemwona. Kutoka shingoni hadi kisigino ni sawa na mkono wa baba yake, toka kiwiko hadi ncha za vidole. Mkono ule nimeushonea mashati miaka yote, siwezi kuukosea. Anarusha mguu wa kushoto. Na huyo baba yake amekonda, kola inamcheza shingoni."

Mkasi, nilikaa juu ya rundo la suruali za watu nikalia. Kila ulipomsogeza mtoto katikati, ulikuwa unamwingiza kwenye ukungu. Naye kila alipogeuka, alikuwa anamfuata.

Usishtuke kupita kiasi. Nimempeleka kwa daktari wa macho, ingawa ilikuwa vita. Daktari amesema ni sehemu ya katikati ya macho iliyochakaa. Kilichopotea hakirudi, lakini kuna dawa ya kuzuia isizidi, ameshaanza kuipata, na anatarajia kuona kwa pembeni kutabaki. Hategemei kwamba ataingia gizani. Tena akamsifu kwamba amejifunza mwenyewe kutazama kwa pembeni, wengine mpaka wafundishwe. Tangu hapo hatupumui, kila mteja anaambiwa daktari alisema nini. Wateja wenyewe hawajamkimbia. Nguo bado zinatoka zimenyooka, mimi natunga uzi tu na kuangalia rangi.

Ila wewe hakutaka ujue. Aliniapisha nisilitamke kwenye simu. Nilipombana akasema anataka uje kumwona mama, si uje kumwona mgonjwa. Nikaapa, na kwenye simu sijasema neno. Kalamu hakuitaja, nami sikumkumbusha. Mficha maradhi kilio humuumbua, na mimi siko tayari kuwapoteza wawili kwa sababu kila mmoja wenu anajifanya jabali. Hasira umezirithi kwake, basi rithi na subira.

Barua hii utaikuta ndani ya gauni la mtoto. Mama amelikunja mwenyewe akidhani linasafiri peke yake. Ndilo alilokuwa anakata siku ile ile, simu haijapoa. Hakukuuliza kipimo, hakumuuliza mkeo. Ameacha upindo mpana chini kwa sababu anasema kifurushi kitachelewa njiani na mtoto hatakisubiri. Mvalishe sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma. Likimkaa, mimi sina haja ya kukushawishi.

Msalimie sana wifi yangu, namaanisha mke wako, siyo huyu Wai-Fai wetu wa kabatini. Mwambie asikuamini ukisema kwetu wana roho ngumu. Shemeji yako anakusalimu na anasema ukija yeye ndiye atakayekuunganishia simu yako. Mkatalie kwa adabu. Msusi anakusalimu. Mama anamsalimu mke mwenzake mdogo, na amesema asilikojolee hilo gauni kabla ya kupigwa picha. Wewe hakukutaja, alilikunja tu upya mara kadhaa kabla ya kulifunga.

Ukipiga Jumapili, kaa dirishani penye mwanga, ilaze simu, umshike mtoto vile vile juu ya mkono. Usimwite Mama ageuke, wala usimfuate huku na huku. Akikugeuzia uso ukutani, tulia hapo hapo na mwanao, usisogee. Ndipo anakuona.

Mungu awafunike ninyi watatu, awape usingizi na riziki, na njia ya kuja nyumbani aifungue mwenyewe.

Ni mimi nikupendaye hata usipopokea simu,

Dada yako mkubwa