Vifo vya Kwale Kumi na Tisa Waliokuwa Wakitibiwa Macho

MAELEZO YA SHAHIDI

Yameandikwa kituo cha polisi, chumba namba mbili, Jumanne tarehe 12, kuanzia saa nne na dakika kumi asubuhi.

Shahidi: Mama Vifaranga, kama anavyojulikana kazini na mtaani
Umri: miaka 58
Kazi: mtunza ndege
Makazi: nyumba za wafanyakazi, nyuma ya shamba la ndege
Uhusiano na mtuhumiwa: mama mkwe

Mimi ni mtu mzima mwenye akili timamu. Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa na sikutumwa. Nimetunza ndege miaka ishirini na miwili, kwanza kuku, halafu kanga, na miaka sita hii ya mwisho kwale. Mtuhumiwa namfahamu. Ni daktari wa mifugo na amemuoa binti yangu wa pili. Yuko mahabusu hapa tangu Jumapili kwa madai kwamba aliwawekea sumu kwale wa mwenye shamba. Hakuwawekea. Nitaeleza kuanzia mwanzo, na namwomba afande asinikimbize.

Mnamo tarehe 4, Jumatatu, saa moja asubuhi, niliingia banda la pili nikakuta kwale wengi wanafuta macho kwenye mabega. Walikuwa na povu kwenye kona ya jicho, na chini ya jicho pamevimba. Nilimpelekea mwenye shamba habari. Akasema ni vumbi. Mwenye shamba ni mtu wa maneno mengi na maranda machache. Maranda ya mbao yaliyotandikwa banda lile yalikuwa yameloa kinyesi siku nyingi, na mapazia yameshushwa kwa kuogopa baridi. Harufu yake inawasha macho ya mtu aliyesimama, seuze ndege anayelala humo humo chini. Nikamwambia, "Mzee, vumbi halitoi povu." Ndipo akakubali daktari aitwe.

Tarehe 5, Jumanne, saa tatu asubuhi, mkwe wangu alifika. Aliwakagua ndege wote, akawatenga wagonjwa thelathini na mmoja. Tukawahamishia kwenye chumba cha zamani cha chakula, tukawawekea maranda makavu. Akamwambia mwenye shamba, "Mzee, dawa peke yake haitasaidia. Maranda ya bandani yatolewe leo. Nikirudi nikiyakuta, nitaandika ripoti ofisi ya mifugo." Mwenye shamba akasema, "Unanitishia kwenye shamba langu?" Mkwe akajibu, "Sikutishii, nakwambia." Huo ndio ugomvi ambao mwenye shamba amewaelezea nyinyi kama vita. Mimi nilikuwepo, nimeshika ndoo. Hakuna aliyepandisha sauti, na maranda yalitolewa jioni ile ile.

Matibabu yalikwenda hivi. Mimi namshika ndege, namfunika kichwa kwa kitambaa mpaka atulie, maana kwale si kuku, akishtuka anajirusha mpaka darini. Yeye anasafisha jicho kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa, pamba moja kwa jicho moja, kisha anaitupa. Halafu anapaka marhamu ndani ya kope. Dawa nyingine ilikuwa ya unga, ya kuchanganya kwenye maji ya kunywa, na hawakupewa maji mengine yoyote. Ishirini kati yao walikuwa wamefumba macho yote mawili kwa uvimbe. Kumi na mmoja waliobaki waliona kwa jicho moja.

Hao ishirini mkwe wangu aliwashika mmoja mmoja, akawachovya mdomo kwenye vinyweshio vya maji vilivyopangwa kwenye ukuta wa mlango, akawaachia pale pale. Alirudia mara nyingi mpaka wakaanza kurudi wenyewe, wakifuata ukuta kwa bega. Kazi ile ilichukua karibu saa mbili. Alipomaliza akaniambia, "Mama, nakuomba, vyombo hivi visihamishwe hata kidogo mpaka wafumbue macho. Hawaoni, wamekariri njia tu." Nikamjibu, "Nimesikia, baba." Ukweli, nilisikia kwa sikio moja. Mimi nimeshika ndege yeye akiwa bado anajifunza kusoma, na kuelekezwa kazi na mkwe ni jambo gumu kumeza. Naomba liandikwe hivyo hivyo.

Jumatano na Alhamisi mambo yalikuwa mazuri. Uvimbe ulianza kushuka. Maji nilikuwa najaza asubuhi na jioni, kwa sababu yaliisha. Alhamisi jioni mkwe wangu aliitwa kwenye ng'ombe wa mtu mbali, akasema atarudi Jumapili. Aliniachia dawa na kipimo chake. Hakuna mtu mwingine aliyeingia chumba kile baada ya hapo, na ufunguo ulikuwa kwangu.

Mnamo tarehe 8, Ijumaa, saa mbili asubuhi, niliosha vinyweshio vyote vinne. Ijumaa ndiyo siku yangu ya kuosha, sijawahi kuiruka hata nikiwa na homa. Nikachanganya dawa kwa kipimo nilichoachiwa. Nikaona pale mlangoni kila nikifungua maranda yanarukia majini. Basi nikavipeleka ukuta wa pili, chini ya dirisha, hatua saba kutoka pale vilipokuwa. Sahani za chakula sikuzigusa. Nilijiona nimefanya la maana, na niliondoka nikijisifu usafi. Macho yao hayakunijia akilini kabisa.

Jumamosi kulikuwa na joto. Saa moja asubuhi nilikuta maji yamepungua kidogo tu, nikafurahi kwamba homa imewatoka na hawana kiu. Jioni hivyo hivyo. Wale vipofu walikuwa wamejibana kule mlangoni, wanagonga ukuta kwa midomo. Niliwaona. Nilidhani midomo inawawasha.

Tarehe 10, Jumapili, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilifungua mlango nikakuta kumi na tisa wamekufa, wote chini ya ukuta ule wa mlango. Wale kumi na mmoja wenye jicho moja walikuwa hai. Kipofu mmoja tu alikuwa hai, amesimama na miguu yote ndani ya kinyweshio, nadhani alikigonga kwa bahati yake. Nilimpapasa shingoni mmoja aliyekufa. Mfuko wa chakula ulikuwa mkavu, punje zinahesabika kwa vidole. Hapo nilijua.

Nilijua, na nikanyamaza. Mwenye shamba alikuja, akaona vinyweshio vimejaa maji ya dawa, akapiga kelele kwamba daktari amelipiza kisasi. Akawaita nyinyi. Mkwe wangu alifika saa tano akiwa na begi lake la kazi, akakamatwa getini na kupelekwa chumbani aonyeshwe ndege waliokufa. Kabla ya kupakiwa aliangalia mlangoni, akaangalia dirishani, kisha akaniangalia mimi. Afande mmoja aliniuliza kama nina la kusema nikasema sijui lolote. Nilisema uongo, na ninauondoa leo.

Jana, Jumatatu, saa kumi jioni, binti yangu alikuja nyumbani akitoka kumtembelea mumewe hapa. Alikaa kitini bila kuvua viatu. Akasema, "Mama, ameniambia usije kituoni. Amesema ataandikisha kwamba alisahau kukupa maagizo, yaishie kwake." Nikamuuliza, "Kwa nini aseme hivyo?" Akasema, "Anasema hawezi kusimama mbele ya askari akamtaja mama mkwe wake." Kisha akaniuliza, "Mama, alikwambia au hakukwambia?" Nikamwambia, "Alinambia." Hakunigombeza. Aliinama akaanza kufungua viatu, na machozi yakawa yanaangukia kwenye kamba. Nimeona aibu nyingi katika umri huu, lakini ile ilinikata maini.

Mkwe wangu akiandikisha kwamba alisahau, hatagusa mnyama tena kama daktari. Kazi hiyo kaisomea miaka mingi na ndiyo inayomtambulisha kwa watu. Kwa hiyo nasema: maagizo alinipa, kwa mdomo wake, nami nikayaacha. Ndege wale walikufa kwa kiu, hatua saba kutoka kwenye maji. Dawa iliyowaua kumi na tisa ingewaua na wale kumi na wawili, maana ndio walioinywa. Ipimeni chupa, pimeni na maji yenyewe, bado yako kwenye ndoo yenye kifuniko cha bluu, sikuyamwaga.

Nimesomewa niliyoyasema, ni yangu yote, na sikushurutishwa na mtu.

Sahihi ya shahidi: imewekwa
Saa tano na dakika hamsini asubuhi

Kumbukumbu ya askari aliyeandika:

Shahidi alionywa kabla na baada kwamba maelezo haya yanaweza kumgeukia yeye. Alisema ameelewa, asiulizwe tena. Saa sita na dakika tano mtuhumiwa aliletwa chumba namba mbili, akasomewa maelezo mbele ya shahidi. Alisimama muda wote, akakataa kiti kwa sababu mama mkwe wake amekaa. Nilipomuuliza kama ni kweli alimpa shahidi maagizo, alijibu, "Hapana, afande. Nilisahau."

Shahidi alisema, "Wewe, usinidanganyie mbele ya serikali. Nitazame. Sema."

Mtuhumiwa alimgeukia shahidi. Nikamuuliza mara ya pili. Hakunijibu mimi. Alimwambia shahidi, "Ndiyo, Mama. Nilikwambia." Shahidi akasema, "Haya. Sasa kaa." Akakaa.