Kimbunga Anasema Nini?

Rombo, 12 Machi 2000

Mdogo wangu Stella,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini u mzima huko Dar es Salaam na joto lenu. Sisi hatujambo. Mama mguu unamsumbua, ila nguvu za kugombana na kuku bado anazo.

Gazeti lako limefika kwa mkono wa dereva wa basi. Mama alifurahi kuona jina lako limepigwa chapa, akalibusu. Mimi nikafanya kosa la kwenda nalo kwenye banda langu la video nikalisoma kwenye maiki kabla ya sinema. Nusura wanipige! Unasema "Kimbunga" ni sinema ya kuwafundisha maskini wamshangilie anayewapiga. Stella, mwanaume anazungusha upepo kwa kiganja, anaruka juu ya mawingu, wewe umeona siasa? Eliaichi, yule muuza ndizi, anasema mhakiki ni mtu aliyekaribishwa mtori akaanza kuhesabu mifupa. Watu walicheka mpaka benchi likavunjika.

Kahawa imeanguka, unajua. Tumeng'oa nusu ya mibuni ya baba, tumepanda nyanya. Jumamosi watu wanataka kumwona mtu mmoja tu anayeshinda. Waachie hicho.

Kaka yako,
Kornel


Dar es Salaam, 2 Aprili 2000

Kaka Kornel,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mama anagombana, maana akinyamaza ndiyo kuna kazi. Mimi nipo, malaria imenipitia ikaondoka.

Mwambie Eliaichi hiyo ya mifupa nitaiiba. Lakini kaka, mimi pia nilimpigia makofi Kimbunga. Nilisimama kabisa! Baadaye nikajiuliza nimemshangilia nani. Iangalie tena ile sehemu ya reli. Wale waliokaa juu ya reli ni wakulima. Mazao yao yamechukuliwa kwa bei ya kutupa, wamezuia treni, basi. Kimbunga anakuja anawapuliza kama makapi, nasi tunacheka. Yule mzee mwenye kofia anaongea dakika mbili nzima kabla hajapulizwa. Wewe unayewatafsiria watu, huwa unamsemesha nini?

Mdogo wako,
Stella


Rombo, 7 Mei 2000

Mdogo wangu Stella,

Tumsifu Yesu Kristo. Pole na malaria. Hapa mvua ni nyingi, mama anakusalimu.

Umeniumbua. Yule mzee huwa namsemesha hivi: "Ondokeni au tutawaua wote!" Dakika mbili nzima nazijaza kwa vitisho. Kiingereza changu ni cha upagazi, nilikiokota Marangu nikiwabebea wazungu mizigo ya kupanda mlima. Najua supu, najua umechoka, najua kesho asubuhi mapema. Kilichobaki najaza mwenyewe.

Basi nilirudisha kanda mara nne, kamusi mkononi. Mzee hatishi mtu. Anasema: "Tumelima sisi, mizani mmeshika ninyi." Stella, nilikaa chini. Ni maneno ya baba siku ile alipotoka kuuza kahawa, unakumbuka?

Jumamosi nikampa sauti yake. Nilimsemesha kwa sauti ya baba, na kile kikohozi chake. Kimbunga alipowapuliza hakuna aliyepiga makofi. Eliaichi akasimama akasema rudisha. Lukresia, yule mjane anayekaa benchi la mbele na kuuliza kila kitu, alilia wazi. Utamu ukanizidi nikaongeza langu: "Mwaka huu mtakuja kuomba kura, tutawauliza mizani iko wapi!" Banda liliruka. Hilo halimo kwenye kanda, nakwambia wewe tu.

Kaka yako aliyeshindwa hoja,
Kornel


Dar es Salaam, 28 Mei 2000

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo, shikamoo tena. Barua yako nimeisoma nimesimama. Mama mpe pole ya mguu, namtumia dawa ya kuchua.

Sikuweza kukaa nayo peke yangu. Jumapili hii ukurasa wangu wote ni wewe: banda, sauti ya baba, Lukresia, mizani, kura. Tangu asubuhi simu ya ofisi inaita. Wapenzi wa Kimbunga wanakutukana, wengine wanasema wewe ndiye mhakiki wa kweli na mimi niache kazi. Nimekutaja jina na kijiji, maana sifa ni yako na sikutaka kukuibia. Gazeti liko ndani ya bahasha hii. Msomee mama.

Mdogo wako,
Stella


Dar es Salaam, 25 Juni 2000

Kaka Kornel,

Shikamoo. Hamjambo nyumbani? Hii ni barua ya pili tangu nikutumie gazeti, na kimya. Dereva wa basi nimemuuliza habari zako, akasema yeye hajui, akawasha gari.

Kaka, kuna nini? Andika hata mstari mmoja.

Stella


Rombo, 9 Julai 2000

Stella,

Sisi wazima.

Polisi walikuja Jumamosi moja ya Juni na gazeti lako, limepigwa mstari mwekundu. Walichukua deki, televisheni, jenereta na kanda zote. Nililala ndani siku tatu. Waliniuliza nani amenituma na ni chama gani. Nikasema hakuna, ni sinema ya mtu anayeruka. Wakanisomea maneno yangu mwenyewe. Nilitaka kukana, lakini yalikuwa na jina langu na la kijiji, na kikohozi cha baba.

Nimetoka kwa sharti kwamba nisishike maiki tena. Mama alitembea na mguu ule kuniletea chakula.

Nilikwambia wewe tu.

Kornel


Dar es Salaam, 23 Julai 2000

Kaka yangu,

Shikamoo. Sijui hata niulize hali ya nani.

Nilimwendea mhariri nikamwomba aandike kwamba nilitunga. Alikataa. Anasema ukurasa wa sinema haugombani na serikali mwaka wa uchaguzi, na tukikanusha tutawakumbusha. Nikamwendea wakili, akasema tusubiri kura zipite. Kila mlango ninaogonga ananifungulia mtu mpole asiye na la kufanya, na mimi ni mmoja wao. Naandika kila wiki sinema ipi inamwonea nani, halafu wa kukuponza ni mimi. Nilipenda kusomwa, kaka. Huo ndio ukweli wote.

Ndani ya bahasha nimeweka isale, jani letu la kuombea msamaha. Nimelichuma kwenye ua wa jumba lililo mbele ya ofisi. Ningelileta mwenyewe, lakini nayaogopa macho ya mama. Nisamehe.

Mdogo wako,
Stella


Rombo, 20 Agosti 2000

Mdogo wangu Stella,

Tumsifu Yesu Kristo. Hatujambo. Mguu wa mama umevimba, dawa ya kuchua imeisha.

Isale limefika limekunjika na kuwa la njano. Mama aliligeuza geuza, akasema haya ya huko hupandwa kwa urembo, na tangu lini isale likaletwa na posta? Isale huletwa na mtu, akasimama nalo mlangoni mpaka akaribishwe. Alikaa nalo mapajani jioni nzima. Mwisho akasema isale ni isale, halikataliwi, hata kama jirani amekuulia ng'ombe. Kwa hiyo nimekusamehe. Ungesimama mlangoni ningekusamehe na kukuona, ila hili nalo limehesabika. Usiendelee kujitesa.

Barua ndefu usizingoje tena. Nikishika kalamu naona gazeti.

Banda limefunguliwa na mtu mwingine. Ameruhusiwa kuonyesha picha kama zilivyo, bila mtafsiri. Jumamosi nilikwenda nikakaa benchi la mbele. Ilikuwa Kimbunga. Ilipofika sehemu ya reli, mzee mwenye kofia akaanza kuongea na banda zima likanigeukia. Lukresia alinishika mkono, akaninong'oneza, "Baba, leo anasema nini?"

Nilimwambia sijui.

Kaka yako,
Kornel