Kipandio cha Pikapu

Nasibu, mjukuu wangu, mume wangu,

Uji umo kwenye chupa. Kuku wafungulie.

Alfajiri nilikusikia ukimwambia mke mwenzangu Mwamini kwamba gari hulipeleki sevisi, wakala waliokuuzia wasije wakakiona kipandio ulichonichomelea wakafuta dhamana ya gari. Tena ukamwuliza, ukikikata, bibi atapandaje kwenda kliniki Mchukwi? Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka. Lakini wewe mwenyewe ndiye uliyeliinua gari kwa ajili ya tope, likawa refu kama twiga.

Ulipokwenda shamba nikawapigia simu wakala. Fundi mkuu wao ana adabu, alinisikiliza bila haraka. Kasema springi ulizobadili na fremu ulipochomelea havimo tena kwenye dhamana, ila injini imo. Lakini leo ndiyo mwisho wa sevisi. Ikipita, na injini imetoka kwenye dhamana.

Basi nenda Dar, wanakungoja hadi saa kumi. Usiwafiche kitu. ~~Kipandio kikate tu.~~ Kipandio kiache.

Mimi nimekwenda kliniki kwa bajaji. Kinu nilichokifudikiza kando ya gari kirudishe jikoni. Nilikuwa najaribu kama naweza kupanda bila kipandio. Siwezi.

Bibi yako