Mguu wa Baba Mkwe na Breki za Fundi Marwa

Mama Bernadina, mshauri wetu, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa na mzigo ambao sina pa kuutua, maana wakubwa wa mji huu ndio hasa nisioweza kuwaambia, na nakusihi unisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu. Nimeolewa hapa Maganzo kwenye mji wa Mzee Maduhu, baba wa mume wangu, mzee aliyeendesha malori ya pamba tangu mume wangu hajazaliwa, na watu wa huku wakitaka kusema mtu anajua gari wanasema anajua kama Maduhu, na mimi nilipoletwa hapa nikiwa sina baba alisimama mbele ya wageni akasema hakupata mkamwana, amepata binti, na tangu hapo hajanipa neno baya hata moja.

Mwaka jana shemeji yangu mkubwa, Bujiku, ambaye ananunua dhahabu kule Geita, alimletea baba gari la Kijapani kutoka Dar es Salaam, lile la giya otomatiki lisilo na klachi, kwa sababu goti la kushoto la baba lilikuwa limechoka. Alitukusanya uani akatuonyesha kila kitu, kwamba breki zake haziachi tairi ziserereke hata kwenye tope, kwamba giya haitoki kwenye P, ile ya kuegesha, mpaka ukanyage breki, na kwamba ndani ya usukani kuna mfuko unaojaa upepo gari likigonga ili dereva asiumie kifua. Akasema hili gari lina akili, baba akisahau lenyewe litakumbuka. Nadhani tangu siku ile sote tuliliachia gari kazi ya kumwangalia baba.

Mimi nashinda nyumbani, kwa hiyo mimi ndiye niliyeanza kuona. Baba ana kisukari, na mguu wake wa kulia umekuwa hausikii vizuri. Atatembea uani, kandambili itamtoka, naye ataendelea tu na mguu mtupu mpaka mimi au mama mkwe tumwokotee. Akirudi na gari analisogeza mpaka liguse ukuta wa ghala ndipo linasimama, kisha anacheka anasema limefika. Siku moja alishuka giya ikiwa bado kwenye D, ile ya kwenda mbele, gari likaanza kumfuata polepole kama mbuzi, akarudi akalizima, na jioni ile hakuna aliyelitaja jambo hilo. Mimi ningesema nini? Heshima ya kwetu unaijua, mkamwana hakai uso kwa uso na baba mkwe akamfundisha kazi aliyoifanya maisha yake yote.

Sasa sikiliza yaliyotukuta. Nilikuwa nampeleka mwanangu Serafina kliniki Shinyanga mjini, baba akasema atatupeleka yeye. Nilikaa nyuma na mtoto, na hilo nalo ni kwa sababu ya fundi wetu Marwa, kijana wa Tarime mwenye gereji hapa Maganzo, ambaye wiki ileile alikuwa ametuwekea breki mpya, na alipomaliza aliniita pembeni akaniambia, mama, mtoto usimpakate kiti cha mbele, ule mfuko ukifumuka unaweza kumuua. Tulipofika mjini baba alitaka kwanza kumsalimia rafiki yake Liaquat, mwenye duka la vitambaa, ambaye wamejuana tangu enzi za malori, na Liaquat alikuwa amekaa kwenye kiti chake barazani kama kawaida. Alipotuona akanyanyua mkono. Baba akakata kona apaki mbele ya duka, taratibu kabisa, halafu gari likanguruma ghafla likaruka ngazi ya baraza, likamkumba Liaquat na kiti chake, likagonga nguzo. Ule mfuko ukafumuka kwa kishindo, moshi wenye harufu ya baruti ukajaa ndani, na gari likaendelea kunguruma huku limeegemea nguzo, baba ameduwaa, mpaka nikajipenyeza kati ya viti nikazima ufunguo.

Na nilipoinama kuzima ndipo nilipoona. Mguu wa baba wa kulia ulikuwa umekanyaga mafuta mpaka chini, kandambili imejikunja chini ya kisigino, na pedeli ya breki iko pembeni yake haina mtu.

Liaquat alivunjika mguu, yuko hospitali amefungwa plasta ndefu. Baba hakuumia zaidi ya kuchubuka uso, Serafina alilia tu. Watu walipojaa na kuuliza, baba akasema breki zimekataa. Mtu akauliza nani alizishika mara ya mwisho, jina la Marwa likatajwa, na kabla jua halijatua alikuwa amechukuliwa polisi. Ametoka kwa dhamana, lakini kesi inakuja, shemeji Bujiku amekuja kutoka Geita akasema lazima afungwe ili mafundi wa vichochoroni wajifunze, na mwenye kiwanja amemwambia Marwa ahamishe gereji yake, na watu waliokuwa wakimpelekea magari sasa wanapita mbele yake kama hawamwoni. Juzi nilikutana naye kisimani, akanisalimia, akauliza kama Serafina hajambo, mimi nikainamia ndoo yangu.

Siku ile ya ajali tuliporudi nyumbani baba aliniita, akaniuliza, "Mayu, mama yangu, wewe ulikuwa nyuma yangu. Uliona nini?" Nikamjibu, "Sikuona, baba. Nilikuwa nimemshika mtoto." Akatikisa kichwa, akaniambia nikapumzike.

Mume wangu Mageni alikuwa Runzewe kununua mpunga, aliporudi nikamweleza yote. Hakunikasirikia. Alikaa ameshika kichwa, akasema nimwache baba afe na jina lake, Marwa bado kijana, atapata kazi kwingine. Lakini mimi silali vizuri, Mama. Nikisema nitakuwa nimemvua nguo mzee aliyenifanya binti yake, na sijui kama nitabaki kwenye mji huu. Nikinyamaza mtu aliyemwokoa mwanangu ataingia gerezani huku mimi namtazama. Nimegeuza jambo hili huku na huku limenishinda. Niambie nifanye nini.

Ni mimi, Mama Serafina, Maganzo.

*

Wasomaji wangu, barua hii sikuiacha ingoje nafasi gazetini. Nilimjibu mwenyewe kwa mkono wa mtu wa basi, kwa kuwa kuna mwenzetu alikuwa anaingojea kesi. Majina yote nimeyabadilisha. Nilimwandikia hivi:

Mwanangu Mama Serafina, marahaba.

Kwanza pole. Umetoka kwenye gari lililopanda baraza, mtoto mkononi, na bado ukawa na akili ya kuzima ufunguo. Wengine tungebaki tunapiga yowe. Kwa hiyo usiniambie kwamba wewe ni mwoga. Mwoga hajipenyezi kati ya viti.

Lakini nitakugombeza kidogo, na utavumilia. Unasema umenyamaza kwa heshima. Heshima gani hiyo inayolipwa na mtu mwingine? Wewe na Mageni mnamtunzia baba yenu jina, sawa, ila mnalitunza kwa maisha ya Marwa. Yeye naye ana mama huko Tarime, na mama huyo naye angependa jina la mwanawe litunzwe. Na huyo Mageni mwambie nimesema, kijana kupata kazi kwingine akiwa ametoka jela si jambo la kusemwa na mtu mwenye huruma, na mimi najua ana huruma, ila ameogopa.

Sasa rudi kwenye lile swali la baba mkwe wako, maana nadhani hukulielewa. Wewe unafikiri alikuuliza ili ahakikishe utamfichia. Mimi nimesoma mara nyingi ulivyoandika, na naona kingine. Mguu wake hausikii. Kandambili ikimtoka hajui. Basi atajuaje alikanyaga nini? Aliposema breki zimekataa hakudanganya, mwanangu; alikanyaga, gari halikusimama, na yeye maisha yake yote akikanyaga gari husimama. Lakini ni dereva wa miaka mingi, na aliposikia injini inanguruma moyo wake ulishtuka, kwa kuwa breki zikikataa gari huteleza tu, halingurumi. Mzee alikuita kwa sababu ana shaka, na hakuna mwingine wa kumwambia. Alikuomba ukweli, wewe ukampa heshima.

Kwa hiyo fanya hivi. Usiende polisi kwanza, usiende kwa Bujiku kabisa. Nenda kwa mama mkwe wako asubuhi, mweleze ulichoona bila kuongeza wala kupunguza, kisha mwombe mwende wote wawili kwa baba. Asiwepo mwingine. Usimwambie amekosea. Mwambie alikuuliza swali na ulimjibu vibaya, na umerudi kulijibu. Baada ya hapo nyamaza, mwache azungumze au asizungumze. Nakuahidi jambo moja tu, kwamba hatakufukuza. Mzee aliyekuita binti mbele ya wageni hawezi kukufukuza kwa kumjibu alichouliza.

Akikubali, atoe maelezo yake polisi yeye mwenyewe, kabla ya siku ya kesi. Akikataa, utakwenda wewe na Mageni, na hapo msirudi nyuma hata kama Bujiku atapiga meza. Ufunguo wa gari mama mkwe aufunge kwenye khanga yake. Na baba apelekwe hospitali apimwe mguu, maana mguu uliokufa ganzi kwa kisukari unaweza kupata kidonda usijue mpaka ukatwe. Hilo ni la haraka kuliko hata gari.

Gari lenu halina kosa, na mfuko wake ulifanya kazi yake. Ila gari haliwezi kujua mguu wa mwenye nyumba umeanza kuchoka. Hiyo ni kazi ya watu wanaokula naye.

*

Amenijibu. Namnukuu kidogo, kwa ruhusa yake.

"Tulimkuta baba anakunywa uji. Nilisema kama ulivyonielekeza, nikiwa nimepiga magoti, mpaka nikamaliza. Baba akasukuma bakuli pembeni, akanyoosha mguu wa kulia, akamwambia mama aubonyeze wayo kwa kidole gumba, yeye akageuza uso ukutani. Mama akabonyeza. Baba akangoja, akangoja, kisha akasema, 'Bonyeza basi.' Mama akamjibu, 'Nimebonyeza kitambo, baba Bujiku.' Wote wawili wakalia, na mimi nikatoka nje kwa sababu mkamwana haoni hayo.

"Siku ileile alivaa kanzu yake nzuri, akapanda basi na Mageni kwenda Shinyanga. Alianza polisi, akasema, 'Mguu ni wangu, fundi hana kosa.' Kisha akaenda hospitali kwa Liaquat. Mageni anasema Liaquat alimtazama, akamwambia, 'Maduhu, ungeniambia unaumwa ningekuja mimi Maganzo kukusalimia.' Daktari naye amempima baba, amekuta kidonda chini ya kidole ambacho hakuna mtu aliyekuwa anakijua, sasa kinasafishwa kila siku. Shemeji Bujiku hasemi na mimi. Anasema nimemtangaza baba yake.

"Lakini Marwa, Mama, ingawa polisi wamemfutia kesi. Baba alimwendea mwenyewe kwenye gereji, akamwomba msamaha mbele ya watu. Marwa akamshika mkono, akasema amesamehe. Ila alikuwa ameshafungasha vifaa vyake, anahamia Geita. Anasema hapa kila gari likikohoa watu watamtazama yeye. Baba amerudi nyumbani hakula. Anauliza kama kuna kitu kingine tunaweza kufanya."

Kipo, Mama Serafina. Ulimwambia mzee ukweli, na umemrudishia mtu uhuru wake. Kwa hilo nakupa mkono. Lakini ukweli uliochelewa hukuta watu wameshafunga mizigo, na hilo nanyi mkubali liwaume kidogo. Nendeni nyote, baba, mama, Mageni na wewe umebeba Serafina, mkamwombe Marwa abaki. Baba na awaite watu wake wa malori, wote aliowahi kufanya nao kazi, waje na magari yao mchana kweupe wayapaki mstari mmoja mbele ya gereji hiyo, Marwa apewe kazi na watu walewale waliompita kama hawamwoni. Bujiku naye aambiwe alete lake.

Akibaki, mshukuruni Mungu. Akisema lazima aondoke, msimbembeleze mara ya pili. Mageni amwinulie sanduku la spana, Mzee Maduhu atembee naye pole pole mpaka kituoni, na basi lisiondoke kabla watu wa Maganzo hawajaona nani amemsindikiza nani.