Sentensi Niliyoihamisha

Dada Modesta mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na watoto wa darasani kwako hapo Kawajense, na mguu wa mama uwe umepungua uvimbe. Mimi mwili hauumwi. Ila nina jambo, nalo nakuambia wewe kwanza kwa kuwa nakuogopa kuliko mama.

Unajua hapa chuoni kazi yangu ni kuchapa mihadhara kwenye stensili za kurudufisha nakala za wanafunzi. Muhula uliopita mhadhiri mmoja alisafiri, akaniachia somo la jinsi seli inavyopeleka protini kwenye mitokondria, vile vinu vyake vya nguvu. Protini, aliandika, huundwa nje ikiwa na kipande mbele kinachoonyesha iendako. Wasaidizi huishikilia isijikunje, maana mlango ni mwembamba; hupita kama uzi kwenye tundu la sindano. Ikishaingia, kile kipande hukatwa, nayo hujikunja ianze kazi.

Sentensi ya kile kipande kukatwa ilibaki peke yake, stensili ya tatu ikiwa imejaa. Tulishaonywa tusimalize stensili, nikaogopa kuanza ya nne kwa sentensi moja. Nikaona pengo juu kidogo, kabla ya habari za mlango, nikaipachika hapo.

Wanafunzi wakajibu mtihani kama nilivyochapa, mhadhiri akarudi akasahihisha kama alivyoandika. Wengi walipoteza alama, lakini Leokadia, binti wa Kibaoni, zilimwangusha, anarudia mwaka. Alikuja ofisini na karatasi yake, akanieleza kosa alilolifanya kana kwamba ni lake.

“Hebu niambie, Fide,” akaniuliza. “Ukibandua anwani ya gunia pale Kaliua, kwenye kubadili treni, Mpanda litafika?”

Nikamjibu halifiki. Halafu nikanyamaza siku tisa, Dada, na mwandiko wa mhadhiri uko kwenye droo yangu.

Jana nilimkuta bwenini anafunga mizigo aende kwao kusubiri mwaka mpya, nikamwambia yote. Hakunitukana. Aliendelea kukunja shuka, akasema, “Mimi unaniambia ya nini? Mwambie aliyesahihisha.”

Asubuhi hii nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya mhadhiri, karatasi zake mapajani, naandika huku namsubiri. Kazi yangu bado ni ya majaribio, huenda nikarudi nyumbani na sanduku langu. Mwandae mama, ila usimwambie nimeonewa.

Nisalimie shemeji, na mjomba anayelina asali Ugalla, na bibi mwambie namkumbuka.

Mhadhiri anapanda ngazi. Naikunja barua kabla sijapata kisingizio.

Mdogo wako,
Fidelis